Mombasa Yenye Viti 299

Shemeji yangu ana mwaka wa kumi na nne Bronx, na katika miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga hata ukumbi mmoja wa Broadway. Nilipompigia simu kumwambia nakuja mwezi wa Mei kutazama mchezo wa kuigiza unaohusu Mombasa, kwanza alinyamaza.

"Yaani utoke Mombasa, ubadilishe ndege Doha, uje huku utazame Mombasa?"

"Ndiyo, shemeji."

"Haya, karibu. Kitanda kipo, chakula kipo. Habari ya tiketi usinitie mimi."

Mchezo wenyewe unaitwa Goddess, wa nyimbo na ngoma. Wazo ni la Saheem Ali, mwongozaji aliyezaliwa Kenya na kupata jina New York. Hadithi iliandikwa na Jocelyn Bioh, Mmarekani mwenye asili ya Ghana, na nyimbo zikatungwa na Michael Thurber. Yote yanatokea katika klabu ya usiku ya Mombasa iitwayo Moto Moto, ambako anatokea mwimbaji asiyejulikana atokako, na kijana wa nyumba ya wanasiasa aliyerudi kutoka masomoni Marekani akaachwa hoi na sauti yake. Ulionyeshwa mara ya kwanza Berkeley, California, mwaka 2022. Mei 2025 ulikuwa umefika Public Theater, New York, na mimi nilikuwa nimenunua tiketi yangu nikiwa Ganjoni, Mombasa, miezi miwili kabla, kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe. Kumbuka hilo, kwa sababu tiketi yangu ya pili sikuinunua kwa akili hiyo.

Treni namba 6 inatoka Bronx hadi Astor Place bila kubadilisha. Ukitoka chini ya ardhi, hatua chache tu uko Lafayette Street, mbele ya jengo kubwa lililofunguliwa mwaka 1854 likiwa maktaba. Mtayarishaji Joseph Papp aliliokoa lisibomolewe, na mwaka 1967 akalizindua kama ukumbi wa michezo kwa Hair, mchezo ambao mwaka uliofuata ulikuwa Broadway. Kwa hiyo tabia ya jengo hili ya kulea watoto wa kuhamia kwingine ilianza siku ya kwanza.

Ndani mna kumbi kadhaa. Goddess ulikuwa katika ukumbi wa Newman, wenye viti 299. Kumbi za harusi za Mombasa zenye viti vichache kuliko hivyo ni za kuhesabu. Lakini humu humu ndimo A Chorus Line ilimoanzia mwaka 1975, mchezo ambao habari yake nzima ni usaili: wacheza dansi wamepangwa mstari, mkubwa mmoja yuko gizani anawauliza wao ni nani, na nafasi hazitoshi. Humu humu pia ndimo Hamilton ilimoanzia mapema mwaka 2015. Yote miwili ilihama.

Mzee aliyeketi kulia kwangu alinieleza hayo kabla taa hazijazimwa. Alikuwa amevaa koti la mvua ingawa nje kulikuwa kukavu. Nilipomwambia nimetoka Mombasa, alinishika mkono kama mtu aliyekutana na mhusika. Halafu akaniuliza swali nililokuja kulisikia kila mahali kwa siku tisa nilizokaa: "Unaonaje, utahama?"

Kuhama, kwa lugha ya watu hawa, maana yake ni kutoka ukumbi mdogo kama huu kwenda mojawapo ya kumbi 41 za Broadway. Jina la Broadway lina udanganyifu kidogo. Kumbi zilizo kwenye barabara hiyo yenyewe ni chache; nyingi ziko kwenye vichochoro vyake, na kinachoufanya ukumbi uhesabiwe ni kuwa na viti 500 au zaidi. Public Theater ni taasisi isiyotafuta faida. Inaishi kwa wafadhili na kiingilio kidogo. Piga hesabu: viti 299, maonyesho manane kwa wiki, ni watu 2,392 hata kama hakuna kiti kitupu. Ukihamia ukumbi wa viti 1,000, ni watu 8,000, na kila mmoja analipa zaidi. A Chorus Line ilipohamia Shubert Theatre ilikaa hadi mwaka 1990, maonyesho 6,137, na pesa zake ndizo zilizoilisha Public Theater kwa miaka. Basi ndiyo maana kila mtu anayekaa katika ukumbi ule anaangalia jukwaa kwa jicho moja, na kwa jicho la pili anaangalia kama kilomita tatu kaskazini.

Mchezo wenyewe? Nitasema kama nilivyouona. Amber Iman, aliyecheza mwimbaji yule, ana sauti ya kukufanya usahau ulikoacha viatu. Nafasi hiyo alikuwa nayo tangu Berkeley, miaka mitatu nyuma. Katikati ya hapo alipanda Broadway kwa mchezo mwingine, Lempicka, akateuliwa kuwania tuzo ya Tony, na mchezo ukafungwa baada ya maonyesho 41. Mwigizaji huku anaweza kupewa sifa kubwa kabisa ya kazi yake Aprili, na Mei hana kazi. Nilipomwona amerudi Moto Moto, mbele ya watu 299, nilihisi naangalia mtu anayejua thamani ya ukumbi uliojaa.

Mombasa niliitafuta. Niliitafuta katika lafudhi, sikuipata. Niliitafuta katika mungu wa muziki aitwaye Marimba, ambaye ndiye msingi wa hadithi, na kwa kweli bibi yangu wa Kuze, aliyekuwa na ngano kwa kila jini wa pwani, hakuwahi kunitajia jina hilo. Na klabu ya jina la Moto Moto ingefunguliwa kwetu, watu wangedhani inauza viazi karai. Lakini wimbo ulipoanza na watu wa jukwaani wakainuka, mwili wangu uliitambua ile hali ya harusini, pale mwimbaji anapomlenga mtu na mtu anajijua amelengwa. Nikatia mkono mfukoni nitafute noti ya kumtunza. Mzee wa koti la mvua alidhani natafuta simu, akanitazama vibaya.

"Utahama?" aliniuliza tena tulipotoka.

Nikamwambia ungekuwa wangu, ningeuhamishia Mombasa kwanza, ukaoshwe. Alicheka, akadhani natania.

Siku ya pili niliamua kuona huko juu kunakohamiwa. Katikati ya Times Square, kwenye Barabara ya 47, kuna ngazi nyekundu za kioo ambazo watalii wanazikalia kupiga picha, na chini ya ngazi hizo kuna kibanda cha tiketi kiitwacho TKTS. Kibanda kilianza mwaka 1973. Ngazi zilikuja mwaka 2008. Kazi yake ni rahisi na ya busara: kiti ambacho hakijauzwa leo hakiwezi kuuzwa kesho. Si mchele. Onyesho likianza, kiti kitupu kimeoza. Kwa hiyo siku ile ile kinashushwa bei, pengine hadi nusu, na anayekubali kupanga foleni anakipata.

Nilipanga foleni dakika arobaini. Mbele yangu walikuwa kina mama wawili wenye masanduku yao ya safari, waliotoka moja kwa moja uwanja wa ndege. Ubao wa umeme ulikuwa ukibadilika: mchezo unapungua, mwingine unaongezwa. Nilichojifunza pale ni kuusoma ubao kwa kinyume. Usitazame majina yaliyomo, tazama yasiyokuwemo. Othello wa Shakespeare haukuwemo.

Othello mwaka huo alikuwa Denzel Washington, na Iago alikuwa Jake Gyllenhaal, katika ukumbi wa Ethel Barrymore, Barabara ya 47 hiyo hiyo. Viti vya mbele viliuzwa dola 921. Shemeji alipiga hesabu kwa sauti wakati wa chakula cha usiku: zaidi ya shilingi 118,000 za Kenya, kwa mtu mmoja, kutazama mtu akimnyonga mkewe. Mwalimu Nyerere alipotafsiri ile tamthilia nyingine ya Shakespeare inayotokea Venice aliiita Mabepari wa Venisi. Mabepari hao sasa wako Barabara ya 47.

Lakini sikuweza kukasirika kwa urahisi kama nilivyotaka, kwa sababu ya jambo moja ambalo kwetu halipo kabisa: hesabu ziko wazi. Kila wiki chama cha watayarishaji na wenye kumbi, Broadway League, kinatoa mapato ya kila mchezo kwa jina lake, viti vilivyojaa, na bei ya wastani. Othello uliingiza dola milioni 2.8 kwa wiki moja kabla hata ya uzinduzi rasmi. Good Night, and Good Luck wa George Clooney, ukumbi wa Winter Garden, ukavuka milioni 3. Kisha wateuzi wa tuzo za Tony wakakaa, na Othello hawakuuteua hata kwa kipengele kimoja. Haikupunguza kitu. Tiketi zilikuwa zimenunuliwa na jina la mtu, na jina halikuhitaji tuzo.

Hapo ndipo kuchagua waigizaji na kuuza tiketi kunapokuwa kazi moja. Nyota wa filamu ana nafasi ya miezi mitatu tu kabla ya kurudi kwenye kamera. Mtayarishaji ana wiki hizo chache za kurudisha mtaji. Basi bei inapanda. Na mwenye ukumbi yuko nyuma yao wote. Kati ya kumbi 41, kampuni ya Shubert ina 17, na ya Nederlander 9. Mwenye ukumbi anachukua kodi na sehemu ya mapato, na mkataba kwa kawaida una kifungu kinachomruhusu kumtoa mpangaji ambaye mapato yake yameshuka chini ya kiwango fulani kwa wiki mbili mfululizo. Watu wa biashara hii wenyewe husema kati ya michezo mitano ni mmoja tu unaorudisha mtaji. Kwa hiyo mtu anapohama kutoka Lafayette Street, hahamii nyumba yake. Anapanga.

Kwenye kibanda nilinunua Chicago, dola 80 na ushei. Mchezo huo nao ni mhamiaji: ulifufuliwa mwaka 1996 kwa maonyesho machache ya tamasha ukumbi wa City Center, ukapendwa, ukahamia Broadway mwaka ule ule, na haujashuka hadi leo. Siri yake moja ni kwamba majukumu makuu hubadilishwa mara kwa mara, na kila baada ya muda analetwa mtu maarufu, hata ambaye kazi yake haikuwa jukwaa, akakaa wiki kadhaa. Pamela Anderson aliingia hivyo mwaka 2022. Wapo wanaoona ni uchuuzi. Mimi nilipofungua kijitabu cha programu nilikuta kikaratasi kimechomekwa: usiku wa leo jukumu fulani litachezwa na mwigizaji wa akiba. Watu wawili nyuma yangu waliguna kwa uchungu. Yule wa akiba alipotokea jukwaani, alicheza kama mtu aliyekuwa amefungiwa wiki nzima. Wale waliokuwa wakiguna ndio waliokuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi. Kwenye biashara hii kuna watu ambao ajira yao ni kujua nafasi sita au saba za wengine na kungoja mmoja augue. Majina yao hayaandikwi nje.

Sasa tiketi yangu ya pili, niliyosema.

Nilitaka kuona Buena Vista Social Club, wa mwongozaji yule yule Saheem Ali, hadithi ya wanamuziki wa Havana. Ulianzia ukumbi mdogo wa Atlantic Theater Company mwishoni mwa mwaka 2023, na Machi 2025 ukazinduliwa Gerald Schoenfeld Theatre, Barabara ya 45. Nilitaka kulinganisha: mtu yule yule, kabla ya kuhama na baada ya kuhama. Basi nikaandika jina la mchezo kwenye simu, nikabonyeza tovuti ya kwanza iliyotokea. Ilikuwa na picha ya ukumbi, rangi za mchezo, kila kitu. Nikalipa. Baadaye, nikiwa kwenye treni, nikaona tiketi yenyewe imeandikwa bei yake halisi: chini ya nusu ya niliyotoa. Haikuwa tovuti ya ukumbi. Walikuwa walanguzi, walioweka duka mlangoni pa duka la watu. Nimekulia mji ambao tiketi za mechi zimelanguliwa mbele ya macho yangu, nikaja kulanguliwa nikiwa nimekaa kitandani kwa shemeji.

"Nilikwambia usinitie," alisema shemeji, akaniongezea wali.

Hata hivyo Barabara ya 45 ilinilipa kwa namna nyingine. Nenda uitembee polepole. Kwenye kona kuna Minskoff, nyumba ya The Lion King tangu mwaka 2006. Mchezo huo ulianza mwaka 1997, na hakuna uliovuna pesa nyingi zaidi katika historia ya Broadway. Simba, Rafiki, Pumbaa: kila onyesho watu zaidi ya elfu moja wanalipa kusikia Kiswahili wasichojua ni Kiswahili. Nilimsikia mtoto akimuuliza mamake Pumbaa maana yake nini, na mama akasema ni jina tu. Nilitamani kumwambia, nikaona nitaonekana nauza kitu. Bei za humo hupandishwa na kushushwa na kompyuta kulingana na siku na msimu, kama bei ya nyanya sokoni Kongowea, tofauti yake ni kwamba Kongowea unaweza kubishana.

Ukipita Schoenfeld, milango miwili mbele kuna John Golden Theatre, mdogo, wa viti 800 hivi. Siku hiyo nilisimama hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mwaka 2016 hapo palikuwa na Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake watano katika vita vya Liberia. Lupita Nyong'o aliujua tangu mwaka 2009, alipokuwa mwanafunzi Yale na kuwekwa mwigizaji wa akiba. Alikuwa yule wa kikaratasi. Miaka mitano baadaye akashinda tuzo ya Oscar, na alipoulizwa na Public Theater angependa kucheza nini, akautaja huo. Mwaka 2015 ukafunguliwa Lafayette Street. Mwaka uliofuata ukahama. Wanawake watano jukwaani, mwandishi mwanamke, mwongozaji mwanamke, Liesl Tommy wa Afrika Kusini, wote weusi: Broadway haikuwa imeona hivyo kabla. Mchezo ule ulikuwapo miaka mingi ukisifiwa bila kuhama. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na jina la kuandika juu ya mlango.

Hilo ndilo ninaloliona kuwa kweli ya mtaa ule. Si ubora unaohamisha mchezo, ingawa mbovu hauhami. Kinachohamisha ni jibu la swali la mtu mmoja mwenye ufunguo wa ukumbi: nani atanunua tiketi Jumanne ya Februari, theluji ikianguka?

Ndani ya Schoenfeld, roshani, mahali ambapo fedha yangu maradufu ilinifikisha, niliona mchezo ulioiva. Bendi ilikuwa jukwaani, si shimoni, na mwongozaji alikuwa amewaachia wanamuziki wakati wa kupiga mpaka watosheke. Nilielewa ndicho alichokuwa akikitafuta Moto Moto. Ulikuwa umeteuliwa kuwania tuzo kumi za Tony, na mauzo yalikuwa yakiitikia. Nikawaza: Havana imehama kwa sababu nyimbo zake dunia ilizinunua miaka ya tisini kwenye diski. Nyimbo za Mombasa ya Goddess zilikuwa mpya, hakuna anayezijua. Huwezi kumwambia mtu wa Ohio alipe dola 200 kwa wimbo ambao hajawahi kuuimba bafuni.

Kwetu tuna kinyume cha tatizo hilo. Mwimbaji wa taarab tutamtunza noti hadharani mpaka kitambaa kijae, lakini mwambie mtu wa Mombasa mchezo wa kuigiza una kiingilio cha shilingi 1,000, atakuuliza kama unamjua mwongozaji. Mwigizaji ni ndugu, na ndugu halipishwi. Nimekaa kwenye maonyesho ambayo nusu ya ukumbi ni jamaa waliopitishwa mlango wa nyuma, mimi mmojawapo, na mwisho wa usiku waigizaji wakagawana nauli ya tuktuk. Sisemi tuige dola 921. Lakini niliporudi nililipia tiketi ya mchezo wa binamu yangu, na alikasirika kana kwamba nimemtukana.

Nilipoondoka New York mwishoni mwa Mei hapakuwa na tangazo lolote la Goddess kuhama. Ulifungwa Juni pale pale Newman.

Agosti Saheem Ali alikuwa na kazi nyingine ya Public Theater, safari hii nje, Delacorte, uwanja wa Central Park uliofunguliwa tena baada ya ukarabati: Twelfth Night ya Shakespeare. Pacha waliopotezana baharini, Viola na Sebastian, walikuwa Lupita na mdogo wake Junior Nyong'o, ndugu wa damu. Peter Dinklage alikuwemo, Sandra Oh alikuwemo. Nyota wa kuweza kuuza Barabara ya 47 bei yoyote. Na kiingilio kilikuwa bure, kama ilivyo desturi ya uwanja huo tangu ulipofunguliwa mwaka 1962. Unalipa kwa kupanga foleni, au kwa bahati nasibu.

Shemeji alitoka Bronx alfajiri, na thermos ya chai. Mara ya kwanza tiketi ziliisha kabla hajafika dirishani. Wiki iliyofuata alirudi akapata. Usiku ule alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake zikisikika nyayo za watu wakitoka: "Shemeji, wale pacha wanaongea Kiswahili. Kiswahili, shemeji. Na huku pembeni yangu wote wametulia, wananitazama mimi ninavyocheka."

Onyesho la mwisho lilikuwa Septemba 14.